Safari ya Batsinda: Tulikwenda Kuangalia Ndege

 

Sisi ni walimu wawili wa kujitolea wa hapa Mahama. Wengi mnatujua, ndio sisi tunaowasaidia watoto kusoma na kuhesabu wakishatoka shule. Mwezi huu tumeombwa tuandike habari ya safari yetu ya Kigali, mtaa wa Batsinda. Tulikaa siku nne, na kazi iliyotupeleka ilikuwa moja tu: kuangalia ndege na kuwapiga picha.

Tulipoomba ruhusa ya kutoka kambini habari ikaenea upesi. Jirani mmoja akatukimbilia na furaha: "Walimu, munapanda ndege? Kesi yenu imepita?" Tukamwambia hapana mama, si ndege ya Amerika, ni ndege wa mtini. Akatuangalia kwa huruma. "Munalipa tiketi ya gari kwenda kuangalia ndege? Na hapa si wamejaa?"

Swali lake ni la haki. Ngoja tuwaeleze tangu mwanzo.

MTOTO NA KIFARANGA

Wakati wa mvua, mwanafunzi wetu mmoja wa miaka kumi na miwili alikuja kwetu amechelewa, suruali imejaa tope mpaka magotini. Wenzake wakatuambia siri yake. Nyuma ya nyumba yao alikuwa amefunga kifaranga cha korongo, uzi mguuni. Alikitoa kwenye matete kando ya mto Akagera. Tunasema korongo yule mrefu mwenye taji la dhahabu kichwani, ambaye Wanyarwanda humwita umusambi. Kuna mtu alikuwa amemwahidi mtoto pesa.

Tulikwenda kuzungumza na mama yake. Tukaanza kumweleza habari ya sheria, mazingira, sijui nini. Mama akatuacha tumalize, halafu akasema polepole: "Walimu, huyu ndege ni unga wa wiki mbili."

Tukanyamaza. Sisi pia tunapokea pesa ile ile ya mwezi, tunajua inaishia tarehe ngapi.

Mwishowe ni mama mwenyewe aliyeamua, wala si maneno yetu. Jioni ile wazazi wa kifaranga walikuwa wanalia kule mtoni, sauti yao ile kama tarumbeta, wanaita, wananyamaza, wanaita tena. Mama akasikiliza, akasema: "Mpelekeni. Mimi wakati tunakimbia nilipoteza mtoto njiani siku mbili. Ninajua wanavyoita." Tukaenda na mtoto wake, tukakiacha kifaranga kwenye matete, tukarudi nyuma mbali na kulala kifudifudi kwenye majani. Haikupita muda, wazazi wakaja.

Lakini mtoto alikasirika sana. Wiki mbili hakutusemesha. Siku aliyofungua mdomo aliuliza hivi: "Mwalimu, ndege akikaa tu kule majini, anatufaa nini?"

Kwa kweli hatukuwa na jibu zuri. Ndipo mmoja wetu akakumbuka kwamba mama yake mkubwa anaishi Batsinda, na kijana wake hupiga picha za harusi, ana kamera yenye lenzi ndefu. Tukasema, twende tujifunze kuangalia kwanza, jibu litakuja baadaye.

NJIANI

Safari kutoka kwetu mpaka Kigali mnaijua. Unatoka Mahama, unafika Nyakarambi, halafu Ngoma, Kabarondo, Kayonza, Rwamagana, Kabuga, na mji. Wengi wetu tukiwa ndani ya gari tunalala. Safari hii tulikubaliana mmoja anatazama kushoto, mwingine kulia, na kila ndege tunaandika kwenye daftari. Tulipofika Kayonza tulikuwa na aina kumi na moja, na tulikuwa hatujui majina ya tano kati yake.

Pale Kabarondo, mkono wa kulia, kuna njia inayoingia Hifadhi ya Akagera. Hatukuingia, mfuko haukuruhusu, lakini historia yake inatuhusu sisi wakimbizi, na ni vizuri kuijua.

Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka 1934. Wakati ule ilikuwa na zaidi ya kilomita za mraba 2,500. Baada ya mwaka 1994, familia nyingi za Wanyarwanda waliokuwa wamekimbia tangu mwaka 1959 zilirudi kutoka Uganda, Tanzania na kwingine, zikiwa na ng'ombe wao. Walihitaji mahali pa kukaa. Basi mwaka 1997 hifadhi ikapunguzwa, zaidi ya nusu ya ardhi yake wakapewa watu. Simba walikula ng'ombe, wafugaji wakawaua simba, mpaka hakubaki hata mmoja. Sisi hatumlaumu mtu. Mkimbizi anayerudi naye anahitaji pa kulaza watoto.

Hata hivyo mambo hayakuishia hapo. Mwaka 2015 waliletwa simba saba kutoka Afrika Kusini, na mwaka 2017 wakaletwa vifaru weusi 18. Simba wamezaa na kuongezeka. Mpaka umewekewa uzio wa umeme ili simba abaki kwake na ng'ombe abaki kwao. Kwa hiyo mnyama aliyeondoka kabisa amerudi, na mtu hakufukuzwa. Tulipita Kabarondo tukizungumza hayo, abiria wa mbele wakageuka kutusikiliza.

BATSINDA

Tulishuka Nyabugogo, tukapanda basi la mjini, tukagonga kadi, na baada ya milima ya Gisozi na Kagugu tukafika Batsinda. Ni katika tarafa ya Kinyinya, wilaya ya Gasabo, upande wa kaskazini wa mji. Kuna soko, kituo cha mabasi, pikipiki nyingi, na nyumba zinazoshuka mlimani mpaka karibu na bonde. Chini bondeni bado kuna mashamba na mfereji wa maji, na ng'ambo kuna mikaratusi.

Jambo moja tulijifunza siku ya kwanza: Batsinda nayo ni mahali pa watu waliohamishwa. Mwaka 2008, mtaa wa maskini wa Kiyovu, katikati ya mji, ulibomolewa, na familia nyingi zilizokuwa zinakaa pale zikaletwa hapa kwenye nyumba zilizofanana, za safu kwa safu. Mama mkubwa alipotuonyesha safu zile tulicheka, tukamwambia, "Mama, hizi ni kama za kwetu kambini." Akasema, "Zilikuwa. Sasa kila mtu ameongeza chumba, amepanda mti." Na kweli, kila uani kuna mparachichi au mpapai. Na ukishapanda mti, mwanangu, ndege anakuja.

Asubuhi ya kwanza tuliamshwa saa kumi na moja na nusu na kelele juu ya bati. Tulidhani ni ugomvi wa majirani. Kumbe ni kwarara, ndege wa rangi ya majivu mwenye mdomo mrefu uliopinda, Wanyarwanda humwita nyirabarazana. Wanapita wawili wawili wakipiga makelele kama watu wanaogombea deni. Tukatoka na kamera.

Wacha tuwape orodha ya tuliowaona Batsinda peke yake, kwa siku mbili, bila kulipa hata faranga moja. Mwewe, ambaye huku ni sakabaka, akizunguka juu ya soko anatafuta utumbo wa kuku. Kunguru mwenye kifua cheupe. Inyamanza, kile kindege cheusi na cheupe kinachotikisa mkia juu ya bati, kila saa kama kinakubali maneno. Chozi, mdogo sana, anayenyonya maua kwa mdomo uliopinda, dume lake linang'aa kama kitambaa cha harusi. Mnana wakisuka viota kwenye migomba. Na bondeni, yangeyange weupe wakiwafuata ng'ombe. Yangeyange ndiye yule Wanyarwanda wanayemwita inyange. Sikilizeni majina hayo mawili, utadhani ni ndugu waliolelewa nyumba tofauti.

Rwanda yote ni nchi ndogo, lakini ina aina zaidi ya 700 za ndege. Sisi tuliwaona kumi na tisa Batsinda na tulijiona matajiri.

Kupiga picha ndiyo ilikuwa shida. Siku ya kwanza tulipiga picha 112. Jioni kijana wa mama mkubwa akaziangalia zote, akakaa kimya, halafu akasema, "Walimu, mmepiga matawi mazuri sana." Ni kweli. Tawi lilikuwepo, ndege alikuwa ameshaondoka. Tulikuwa tunamkimbilia, tunanyoosha mkono, tunaambiana "yule pale, yule pale!" Hata wewe ungeruka.

Siku ya pili tukafanya alivyotufundisha. Tukachagua mti mmoja wenye maua, tukakaa chini tukiwa na jua mgongoni, tukanyamaza. Nusu saa hakuna kitu. Watoto wa jirani wakaja kutucheka, wakachoka, wakaenda. Halafu chozi akaja mwenyewe, karibu kabisa, akanywa ua kwa ua. Picha nne tu tulipiga, na tatu zilikuwa nzuri.

MZEE ALIYEKUWA ZAMU

Watu wakituona na kamera walikuja kuuliza. Mmoja wao alikuwa mzee mwenye koti la kahawia, jirani wa mama mkubwa. Anaongea Kiswahili kizuri, alikijulia ujanani Biryogo. Akauliza, "Wanangu, mnatafuta ndege gani?" Tukamwambia tunaangalia wote, lakini kilichotutoa kwetu ni umusambi. Akavua kofia, akakaa kwenye jiwe karibu na sisi.

Mzee huyu alikuwa zamu na mtunza bustani kwenye nyumba moja kubwa ya Kiyovu cha juu. Bosi wake alikuwa na korongo mmoja bustanini. Zamani ilikuwa fahari, nyumba ya tajiri kuwa na umusambi, hata mahoteli walikuwa nao. Na kwa Wanyarwanda ndege huyu si wa mchezo: katika koo za zamani, Abanyiginya ndege wao alikuwa umusambi, kama vile Abagesera, waliotawala Gisaka huku kwetu mashariki, ndege wao alikuwa inyamanza. Watu walimpenda. Ndiyo maana walimfunga.

"Mimi ndiye niliyekuwa ninamkata," mzee akasema. "Kila manyoya ya bawa yakiota, bosi ananipa mkasi. Ninamshika hivi chini ya kwapa, ninakata. Asubuhi alikuwa anacheza ngoma peke yake. Mnajua wanavyocheza, wanainamisha kichwa, wanaruka, wanafungua mabawa. Wanacheza wawili. Yeye alicheza peke yake kwenye majani, akimtazama mtu aliye karibu. Mara nyingi mtu huyo ni mimi."

Tukamuuliza alikula nini. Akasema, "Wali, ugali, mabaki." Porini korongo anakula mbegu, panzi, vyura na wadudu anaowashtua kwa kukanyaga-kanyaga majani. Akifungwa anadhoofika, na mara nyingi hazai. Na kwa kawaida akipata mwenzi hukaa naye. Kwa hiyo ukimtoa mmoja umeharibu nyumba ya wawili.

Hayo yote yalileta hasara kubwa. Tangu mwaka 2012 korongo huyu yuko kwenye orodha ya dunia ya wanyama walio hatarini kutoweka. Mabwawa yanalimwa, na vifaranga vinakamatwa kuuzwa. Nchini Rwanda, daktari wa wanyama Olivier Nsengimana, aliyekuwa akitibu sokwe wa milimani, ndiye aliyeanza kazi ya kuwaokoa mwaka 2014. Hawakuja na polisi kwanza. Walitangaza kwamba mwenye korongo nyumbani ajiandikishe na amtoe, hatashtakiwa. Watu wakajiandikisha. Mwaka 2018 daktari huyo alipewa tuzo ya Whitley huko Uingereza.

Mwaka 2015, mzee anasema, walifika mpaka bustani yake. Wakampima ndege, wakamtazama bawa. "Nikawaambia mimi nakata manyoya tu, yataota. Wakanionyesha. Mfupa wa ncha ya bawa ulikuwa umekatwa, zamani, kabla hajafika kwetu. Aliyemuuza ndiye aliyemkata akiwa mtoto. Miaka yote ile ninamkata manyoya ya bawa moja, na lile lingine lilikuwa limekwisha. Hangeruka hata ningeacha."

Wale waliokuwa wazima walipelekwa Akagera, wakakaa kwanza mahali pa kuzoea mpaka manyoya yakaota, kisha wakaruka wenyewe. Zaidi ya mia moja wamerudi porini kwa njia hiyo. Wasioweza kuruka walitafutiwa mahali Rusororo, karibu na Kabuga, panapoitwa Umusambi Village. Ni hekta 21 za bwawa na majani, na paliwafungulia wageni mlango mwaka 2021.

Tukamuuliza mzee kama amewahi kwenda kumwona. Akasema hajawahi. Ukimya ukapita. Mama mkubwa, aliyekuwa anaanika nguo, akasema bila kugeuka, "Si walimu watapita huko wakirudi? Baba, vaa koti nyingine uende nao."

RUSORORO

Siku ya nne tukaenda watatu. Mzee alivaa koti la harusi. Ndani ya basi hakusema neno mpaka tulipopita Remera, akauliza kama korongo ana kumbukumbu. Hatukujua, tukamwambia hatujui.

Rusororo si kama bustani ya wanyama yenye vizimba. Unatembea kwenye njia kati ya majani, na korongo wako humo humo wanatembea, zaidi ya hamsini, mmoja bawa limening'inia, mwingine anachechemea. Kwa mbali ungesema ni wazima. Pembeni kuna ndege wengine wengi ambao hakuna aliyewaleta. Waliona bwawa, wakaja.

Mzee alisimama muda mrefu. Akaita mara moja, kwa mluzi mdogo aliokuwa akimwitia wake. Korongo wawili waliinua kichwa, wakatazama, wakaendelea kula. Hatujui kama mmoja wao alikuwa ndiye. Mzee naye hakujua, wote wamefanana. Akasema, "Sawa. Hawanijui. Ni vizuri hivyo." Halafu akaongeza, "Hawatazami tena mtu. Wanatazamana wao."

Kisha tukaona kitu ambacho tumewaletea picha yake, tumeibandika kwenye ubao wa matangazo. Korongo wawili, mume na mke, wote hawaruki. Kati yao kijana wao, taji lake bado fupi, manyoya bado ya kikahawia. Wakati tunatazama, yule kijana akakimbia hatua chache, akafungua mabawa, akapaa. Akazunguka juu ya bwawa, akatua upande wa pili. Wazazi wakaita, yeye akaitika. Kijana anayetembeza wageni alituambia kwamba waliolemaa wanazaa hapo, na watoto wao hawakatwi chochote. Wakikua wakitaka kwenda wanakwenda.

Mmoja wetu alikuwa ameshika kamera lakini alisahau kupiga mpaka ndege alipokuwa anatua. Ndiyo maana picha ile ubaoni imetetemeka kidogo. Mtusamehe.

Tuliagana na mzee kituoni Kabuga. Alikataa tumlipie basi la kurudi. Alisema, "Mwambieni yule mtoto wenu wa kifaranga, zamu wa Kiyovu anamshukuru."

TULIPORUDI

Tulimwita mwanafunzi wetu tukamwonyesha picha zote. Ya yule kijana anayeruka aliishika muda mrefu. Tukamweleza pia hesabu, kwa sababu anapenda hesabu: korongo wa Rwanda walipohesabiwa nchi nzima mwaka 2017 walipatikana 487. Mwaka 2023 walikuwa 1,216. Akatoa kichwani, akasema, "Wameongezeka 729. Na wetu yumo?" Tukamwambia hatujui kama alihesabiwa, lakini yuko.

Halafu akatuambia jambo. Anajua mti wanaolalia. Korongo hawa wenye taji, tofauti na korongo wengine wa dunia, wanaweza kulala juu ya mti kwa sababu kidole chao cha nyuma kinashika tawi. Mtoto hakusoma popote, ameona mwenyewe. Kumbe tuliokwenda Batsinda kujifunza, mwalimu wetu tulimwacha nyumbani.

Kuhusu swali lake, ndege anatufaa nini, bado hatujapata jibu la kujaza sufuria, na hatutamdanganya mtu. Kuna vijana Rwanda wanaoishi kwa kutembeza wageni wa ndege, na wengine wanalipwa kulinda mabwawa, lakini kazi hizo si nyingi, na kwa mkimbizi ni ngumu zaidi. Mama yule alipoteza unga wa wiki mbili kweli kweli. Tunaomba yeyote atakayesoma hapa asimcheke, amheshimu. Ila tunaweza kusema hivi: pesa ya kifaranga ingekwisha kwa wiki mbili, na bawa lililokatwa haliishi.

KWA VIJANA WANAOTAKA KUPIGA PICHA

Hata simu ndogo inafaa. Haya tuliyajifunza kwa kukosea:

Amka mapema. Saa kumi na mbili mpaka saa tatu asubuhi ndege wanakula, na mwanga ni laini. Mchana wanapumzika, na picha inakuwa nyeupe.

Jua liwe mgongoni kwako. Usimkimbilie ndege, kaa mahali anapopenda kuja, umngoje. Usivae nguo nyekundu au nyeupe inayong'aa.

Tumia masikio kwanza. Sikia, halafu tafuta.

Kiota usikiguse, wala usikisogelee kwa ajili ya picha. Mama akikimbia, mayai yanapoa na kunguru anaona. Picha isiyopigwa si hasara.

Andika tarehe, mahali na idadi. Daftari ni kamera ya asiye na kamera.

Na manati tuyaache nyumbani. Wapo watakaosema ni mambo ya wazungu. Tuwape mfano wa India. Mahali panapoitwa Bharatpur palikuwa bwawa la wakubwa kuwindia bata. Siku moja tu, tarehe 12 Novemba 1938, waliua ndege 4,273 kwa bunduki, na hesabu hiyo iliandikwa kwa fahari. Baadaye Wahindi wenyewe, akiwemo mtaalamu wao mkubwa Salim Ali, walidai mahali pale palindwe. Leo ni hifadhi inayoitwa Keoladeo, na tangu mwaka 1985 ni urithi wa dunia. Wageni bado wanakuja na kulenga, ila wanalenga kwa kamera, na wenyeji wanawazungusha kwa baiskeli za abiria na kulipwa. Bwawa ni lile lile.

TANGAZO

Viongozi wametukubalia. Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao tutatembea na watoto mpaka karibu na mto, kutazama tu. Tunaondoka saa kumi na mbili kamili asubuhi, tukiwa na mzazi mmoja kwa kila watoto watano. Hakuna kushuka majini. Kila mtoto aje na kalamu. Kiongozi wa njia ni yule mwanafunzi wetu, ameshakubali, na mama yake atakuja pia.

Anayejua majina ya ndege kwa Kirundi, Kinyarwanda, Kibembe, Kishi au lugha yoyote ya kwao, tafadhali atuletee, hasa nyinyi wazee. Tunataka kuyaandika ubaoni kabla hayajapotea.

 Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda.

Walimu wenu wa jioni